Mgongo wa Kadi

Ulipita. Usinitolee macho, ulipita. Asubuhi ile, vitu vya mzee wa watu vilipomwagwa kando ya barabara, godoro, viatu visivyo na wenzao, sufuria, picha za ukutani, nawe ulikuwa miongoni mwa walioziba pua na kuchapua mguu. Ukajisemea: si wangu. Ukajisemea: wenyewe watakuja. Wenyewe wepi? Mzee amefia chumba cha kupanga, mwenye nyumba anakitaka chumba chake, gari la taka liko njiani. Hivyo ndivyo mtu anavyofutwa mchana kweupe, na mashahidi wana haraka ya kuwahi kazini.

Watu wawili tu walisimama. Na usidhani wote wawili walisimama kwa wema.

Wa kwanza alikuwa fundi wa fremu mwenye kibanda chake chini ya ngazi za jengo la ofisi, mtaa huohuo. Mwanamume mrefu, penseli sikioni, koti la kazi limeshiba vumbi la mbao hata rangi yake haijulikani tena. Yeye alifuata mbao. Fremu za zamani zina mbao ambazo siku hizi huzipati hata kwa kuapa. Akaokota moja, akaipindua, akang'oa vimisumari kwa bisibisi, akaichomoa picha ya bibi harusi iliyokuwa ndani na kuiachia ianguke, kama mtu anayetupa ganda.

Picha haikufika chini. Mkono uliidaka.

"We kaka, huna hata haya?"

Alikuwa mpiga pasi wa duka la dobi la pale kona. Gauni la kazi la bluu, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, kitambaa cha manjano kichwani, uso unang'aa jasho la mvuke. Kwenye kiganja alikuwa na alama ya kuungua, imepinda kama mwezi mchanga.

"Haya ya nini?" fundi akajibu. "Nimechukua fremu. Kwani huyu ni ndugu yako?"

"Ni wako?"

"Simjui."

"Kwa hiyo usiyemjua unamtupa?"

"Dada, mimi kazi yangu mbao. Maiti waachie wachimba kaburi."

"Na mimi kazi yangu madoa, lakini siitupi shati!"

Fundi alitaka kukasirika, kicheko kikamwahi. Akamtazama akiinama kuokota picha na kadi za posta zilizotawanyika, akizifuta moja moja kwa upindo wa gauni.

"Unazipeleka wapi zote hizo?"

"Nyumbani. Nakusanya. Picha za watu, kadi za posta za nchi na nchi, hata vyeti vya ubatizo vya watu nisiowajua. Wewe unakusanya nini? Misumari?"

Fundi akairudishia fremu vimisumari vyake, akamnyooshea. "Chukua na fremu yake basi. Bibi harusi asilale nje."

Akachomoa kipande cha kadibodi mfukoni, akaandika namba ya simu.

"Na hii ya nini?"

"Kama fremu itasumbua."

Fremu ilisumbua jioni ileile.

"Haloo. Fremu?"

"Nani mwenzangu?"

"Mvuke."

"Mvuke yupi?"

"Ala! Kwani kadibodi umegawa mtaa mzima?"

Wakaitana hivyo, Fremu na Mvuke, mpaka majirani wakasahau majina yao mengine. Mchana Mvuke alipitia kibandani akinuka sabuni na nguo za moto, akaketi juu ya kopo la rangi, wakagawana chai katika kikombe kimoja chenye sikio lililovunjika. Siku za mapumziko walizunguka minada ya vitu vilivyotumika wakitafuta kadi: mnara wa huku, theluji ya kule, simba wa mawe mbele ya jumba la wafalme. Fremu alitazama picha. Mvuke aliigeuza kadi kwanza.

"Huangalii hata mnara wenyewe!"

"Mnara hauna shida na mimi. Mbele ni duka, Fremu. Nyuma ndiko kwenye mtu."

Fremu akacheka, akambusu paji la uso. Maneno aliyasikia. Hayakumwingia.

Kadi ambazo Mvuke alizithamini kuliko zote hakuzitoa upesi. Zilikuwa kwenye mkoba wa plastiki wenye zipu, chini ya mto wa bibi yake, mama mzaa baba, aliyemlea. Siku alipozileta kibandani alizibeba kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa pomoni.

"Hizi ni za shangazi yangu."

Shangazi alikuwa binti pekee wa Bibi. Aliondoka kijana kabisa, kupitia wakala wa kazi za nje, kwenda kulea watoto wa matajiri. Matajiri wale walikuwa watu wa kuhamahama. Kila walipohamia walimbeba pamoja na masanduku. Kila mji shangazi alituma kadi. Bibi hajui kusoma, basi Jumapili baada ya Jumapili mjukuu alimsomea. Majirani nao walikuja kutazama madaraja na bustani, wakishangilia: "Mwanao anakula dunia!" Anakula dunia! Mtu anaosha vinyesi vya watoto wa wenzie katika lugha asiyoijua, pasipoti yake imefungiwa kabatini kwa mwajiri, na sisi huku tunasifu bustani. Kisha kadi zikakoma. Ni miaka sasa. Hakuna barua, hakuna simu, hakuna maiti. Hata picha yake haipo. Aliyokuwa nayo moja ilibandikwa kwenye pasipoti ikaenda nayo.

"Bibi macho yake ya karibu yamekufa, ya mbali bado," Mvuke alisema. "Nataka siku yake ya kuzaliwa azione ukutani. Zote, fremu moja. Ila nisikilize vizuri, mpenzi. Zionekane pande zote."

"Pande zote."

"Usije ukanisahaulia."

"Mvuke wangu, kwani kazi nimeanza leo?"

Hapo ndipo walipoachana njia wakiwa wameshikana mikono. Maana kwa fundi wa fremu pande ni nne: juu, chini, kulia, kushoto. Mteja asiyejua huleta picha, ukingo wa fremu ukameza kidogo, akaja kulia kwamba mjomba amekatwa mguu. Mteja anayejua husema mapema: zionekane pande zote. Maana yake kingo zisifunikwe. Na kadi isiyofunikwa kingo haina kinachoishika. Dawa yake ni moja tu, kuigandisha mgongo ubaoni kwa gundi.

Akaigandisha. Zote akazigandisha, akiimba. Alipaka gundi kwa brashi laini hadi kwenye pembe, akazipanga ubaoni mji kwa mji, akalalia plaiwudi juu na kukandamiza kwa mawe. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya kwa upendo kama ile. Hilo ndilo lililokuja kumtesa. Angekuwa mzembe angepata pa kujificha.

Jumapili alasiri simu ikalia.

"Fremu, tuamulie ugomvi. Niko na Bibi hapa tumenuniana. Ile kadi ya daraja refu, mimi nasema shangazi aliandika habari za upepo, yeye anasema habari za viatu. Hebu igeuze utusomee."

Fremu aliutazama ubao. Daraja lilikuwa pale katikati, zuri, limenyooka, limeshika kama ukuta. Akaijaribu pembe yake kwa ukucha.

"Fremu? Umekata?"

"Nipo."

"Igeuze basi."

"Mikono... ina vanishi."

"Pangusa."

"Nitakupigia, mpenzi."

Kwa mbali sauti ya Bibi ikasikika: "Huyo ndiye mkwe? Mbona anahema kama amefukuzwa na ng'ombe?"

Akakata. Akachukua kisu chembamba, akakiingiza chini ya pembe ya kadi moja ya bustani. Mbingu ikachunika tabaka lake la juu, na chini yake hapakuwa na kitu ila karatasi iliyovimba, yenye ukungu wa rangi ya zambarau. Akaweka kisu chini. Akaketi juu ya kopo la rangi. Aliona picha zote alizowahi kuziachia zianguke barabarani, mabibi harusi, watoto wa ubatizo, wazee waliovaa suti ya kuazima kwa mpiga picha. Miaka yote ile kutupa huko alikuita kazi. Leo kulikuwa kumepata jina jingine: kumfuta mtu.

Angesema siku ile, pengine ningekuwa naandika hadithi nyingine. Lakini mficha uchi hazai, na Fremu alificha. Mvuke alipopiga, kioo kilikuwa hakijafika. Alipopiga tena, umeme umekatika. Halafu kichwa. Halafu akaanza kuiacha simu ilie mpaka ichoke. Alikuwa akiitazama inavyotetemeka mezani, na kila mtetemo ulimchoma kama mwiba, na hakuipokea.

Huko dobi wenzake Mvuke hawakumwacha apumue.

"Mwanamume asiyepokea simu, shoga, mikono yake ina kazi."

"Kazi gani?"

"Mkono mmoja kiuno cha mtu, wa pili mdomoni mwake asicheke!"

Wakacheka. Mvuke akacheka nao, akaunguza kola ya shati la mteja. Akachomoa pasi, akafunga kitambaa chake cha manjano kwa nguvu, akaenda.

Alimkuta Fremu ameinama, na kibandani hamna mwanamke wala harufu ya mwanamke. Palikuwa na ubao, umeegemea ukuta. Mvuke akasahau matusi yote aliyoyapanga njiani.

"Mungu wangu," akasema taratibu. "Fremu. Ndiyo hii uliyokuwa unanificha? Ili unishtukize? Na mimi nimekutukana njia nzima!" Akamshika shavu. "Imependeza. Miji yote imekaa kama imealikwa."

Fremu hakusema. Na kunyamaza kule ndiko nisikokusamehe, ningekuwa yeye nisingejisamehe. Alimwacha afurahi pumzi kadhaa zaidi.

Mvuke akapitisha mkono nyuma ya ubao, akitafuta. Akapapasa. Akaugeuza. Mbao tupu.

"Nyuma kuna wapi?"

"Mvuke..."

"Maandishi yanasomewa wapi, Fremu?"

"Ulisema pande zote."

"Ndiyo! Pande zote! Mbele na nyuma! Nilitaka kioo mbele na kioo nyuma! Kadi ina pande mbili!"

"Kwetu sisi ni nne."

"Kwenu wapi? Kwenu ni nchi gani hiyo mtu hana mgongo?" Sauti ikampasuka. "Umejua lini?"

"Ile simu ya daraja."

"Kwa hiyo kioo kilikuwa kimefika."

"Kilikuwa kimefika. Nilikuogopa."

"Hukuniogopa mimi. Ulijionea huruma wewe. Kuharibu umeharibu kwa bahati mbaya, sawa, mkono wa binadamu. Lakini kunidanganya uliamka asubuhi, ukanawa uso, ukakusudia." Akafuta macho kwa kiganja chenye mwezi. "Usinipigie. Wewe na simu hamwezani."

Fremu alikaa na ubao ule kama mtu aliyeachiwa mtoto. Hakuweza kuutazama, hakuweza kuufunika. Mwishowe akautwika begani na kukatiza mitaa yote, watu wakisifu: "Fundi, kazi safi hiyo!" Kila sifa kofi. Akafika kwa Bibi.

Bibi alikuwa kibarazani akishona vifungo vya mashati ya dobi, akipapasa matundu kwa ncha ya kidole. Fremu akapiga goti, akaeleza. Hakusema pande nne. Hakusema gundi ilikuwa nzuri. Alisema: nimeyaua maandishi ya mwanao, na kisha nikaficha.

Bibi akanyoosha mkono, akalipapasa daraja.

"Hapa ndipo alipo mwanangu?"

"Hapo, Bibi. Chini yake."

"Nisikilize, mwanangu. Yule wakala alikuja na viatu vinavyong'aa. Nikamuuliza jina, akanipa jina. Sikumuuliza kingine. Binti alikuwa anatetemeka, akanishika hapa, kwenye upindo wa nguo. Nikamfungua vidole. Kimoja kimoja, kwa mkono wangu huu, nikamwambia nenda, utatuinua. Sasa nani mwenye hatia hapa?"

"Mimi, Bibi."

"Usininyang'anye! Hiyo ni yangu. Wewe tafuta yako ndogo."

Fremu akainua uso akamwona Mvuke mlangoni, amesimama na beseni la nguo kiunoni, tangu lini hajui.

"Gundi gani?" Mvuke aliuliza, bila salamu.

"Ya maji."

"Si ile ya kuyeyusha?"

"Ya maji, ile nyeupe."

"Na hukusema!"

"Ungeniacha niseme?"

"Gundi ya maji naitoa kwenye suruali za mafundi wenzio kila siku ya Mungu, Fremu! Nyanyuka. Beba mbao zako. Na usidhani nimekusamehe, nimekuita kazini."

Duka la dobi lilikuwa limefungwa kwa mapumziko, ufunguo anao yeye. Wakamketisha Bibi kwenye kiti cha wateja. Mvuke akatandika kitambaa chenye unyevu juu ya daraja, akaleta pasi ya mvuke, hakuigusisha, akaipitisha juu juu huku midomo ikienda kama anayehesabu pumzi. Fremu alishika kisu chembamba. Walifanya kazi bila kuangaliana, mabega yakigusana. Kadi ikaanza kujikunja pembeni. Ikaachia.

Mvuke akaigeuza. Mgongo mweupe. Umeoshwa. Akakaza meno, machozi yakamdondokea mkononi.

"Subiri," Fremu akasema. "Subiri, subiri. Tazama ubao."

Kwenye ubao, katika gundi iliyolowa, wino ulikuwa umebaki. Mistari ya zambarau, midogo, imesimama yote kinyumenyume, kama nyayo za mtu aliyetembea akirudi nyuma.

Fremu akatoka mbio. Majirani walimwona akirudi amekumbatia kioo cha kujitazamia cha mteja, kipande cha mbingu kinamrukaruka kifuani. Akakiegemeza mbele ya ubao, na maneno yakageuka, yakasomeka. Mvuke akasoma kwa sauti:

"'Mama, hapa upepo una nguvu, umenivua kiatu darajani ukakitupa majini. Mtoto wao akacheka, nami nikacheka. Nimerudi nyumbani na kimoja.'"

"Viatu!" Bibi akapiga paja. "Sikusema mimi?"

"Upepo, Bibi! Upepo ndio uliotangulia!"

Wakacheka na kulia kwa mkupuo mmoja. Lakini sitakudanganya. Si zote zilizookoka. Nyingine zilitoa neno moja, nyingine ukungu tu, na ile ya bustani aliyoichokonoa kwa kisu haikusema kitu. Bibi aliomba isomwe. Fremu ndiye aliyemwambia, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake: "Hiyo nimeimaliza, Bibi." Bibi akaitikia kwa kichwa, akaomba nyingine.

Fremu alikuwa akizisikia zote kwa mara ya kwanza, tena kwa mfululizo, na sikio geni husikia kilichozoeleka. Akauliza:

"Kila kadi anauliza habari za nyumbani. Nani alikuwa anamjibu?"

Pasi ikafoka mvuke peke yake.

"Kadi ya posta haina anwani ya aliyeituma," Mvuke akasema.

"Wakala si anayo?"

Bibi akashusha macho. Mvuke akashika kona ya meza.

"Ofisi yake iko palepale," akasema polepole. "Wamepaka rangi upya. Wamebandika na picha za madaraja dirishani, wasichana wanapanga foleni. Napita kila siku nikija kazini, Fremu. Nikikaribia, navuka barabara. Nakusanya kadi za watu wa dunia nzima, na pale navuka barabara."

Fremu hakumwambia usilie. Alimpa upindo wa koti lake, lenye vumbi na yote.

"Unajua nilikuwa nataka kukuposa siku ya kukukabidhi fremu," akasema.

"Kwa hiyo sasa umeghairi?"

"Sasa naona aibu."

"Posa na aibu yako. Nitaolewa na nani asiye nayo?"

"Basi... unanikubali?"

"Mikono imejaa gundi, na kisu juu!"

"Ndiyo niliyo nayo, Mvuke."

Akamtwalia kisu mkononi, akakiweka mezani. "Nakubali. Ila kukusamehe ni kama doa la wino, halitoki kwa mfuo mmoja. Utavumilia?"

"Nitavumilia."

"Na harusi ina wageni. Mgeni wangu wa kwanza ni shangazi. Twende tukamuulize wakala mwaliko wake tuupeleke wapi."

Bibi alikuwa ameshasimama, anatafuta fimbo.

Walikwenda watatu siku ofisi zilipofunguliwa, Mvuke amevaa gauni jeupe alilolipiga pasi mpaka likasimama lenyewe, Fremu amenyoa, koti limekung'utwa. Karani akasema bosi hayupo. Wakasema tutamsubiri. Kuna benchi mlangoni, wakaketi. Karani akasema rudini kesho, wakarudi. Akasema kumbukumbu za zamani ziliungua. Bibi akamuuliza moto ulizimwa na nani, aitwe. Wasichana wa kwenye foleni wakaanza kugeuka, kuuliza nyinyi mnasubiri nini. Wakaambiwa. Baadhi wakatoka kwenye foleni. Kisha akaja baba mmoja mwenye picha ya mwanawe aliyekwenda kujenga viwanja vya michezo, akaomba wasogee. Akaja mama wa mapacha. Jibu la shangazi bado halijatoka, na harusi bado haijafungwa, na kila asubuhi wale wapenzi wawili wanaketi pale bega kwa bega kabla ya kazi, wanagawana chai, wanataniana, na kila anayeingia mlango ule wanamtajia jina la shangazi kwa sauti.

Nawe una mtu. Usiniambie huna. Binamu, dada, yule jirani aliyeahidi kupiga simu akifika. Unajua nani alimpeleka, unajua na mlango wake uko wapi. Ofisi inafunguliwa saa mbili asubuhi. Weka hiki unachosoma, vaa viatu, njoo. Benchi lina nafasi. Kaa, utaje jina lake, uulize yuko wapi, na usiinuke mpaka ujibiwe.